Asali na nini? Kuchagua mchanganyiko wa nguvu kwa aina ya uchovu ulionao

Pita Kariakoo, Darajani au Kongowea uangalie meza za dawa za asili. Kuna asali na habasoda, asali na tangawizi, asali na kitunguu saumu, asali na mdalasini, asali na mlonge, asali na mizizi ambayo muuzaji mwenyewe huitaja kwa kunong'ona. Muulize kila chupa inafanya kazi gani, na jibu ni lile lile: "Hii inaongeza nguvu, kaka. Inachangamsha mwili." Nguvu gani, za nani, za kukaa muda gani? Hapo maongezi yanahamia kwenye bei.

Mimi naanzia upande wa pili. Kabla ya kuuliza achanganye nini, mtu aseme kwanza amechoka vipi. Kuli aliyeshinda juani na magunia hajachoka sawa na mama anayenyonyesha, na mama huyo hajachoka sawa na mtu wa bodaboda anayelala usingizi wa mang'amung'amu kila siku. Anayetafuta daku ya kumfikisha magharibi naye ana hesabu zake. Chupa moja haiwezi kuwatosha wote hawa, hata iwe na lebo ya dhahabu.

Kwa mwenye haraka, uchaguzi wangu ni huu. Nguvu za kukaa saa nyingi: asali na karanga na ufuta. Nguvu za sasa hivi: asali tupu, au tende. Kichefuchefu na gesi vimekukata hamu ya kula: tangawizi. Habasoda, kitunguu saumu na mdalasini vina faida zake, ila si faida za nguvu. Mlonge na ubuyu ni vyakula vizuri vilivyopewa sifa kupita kimo chake. Vipakiti vya asali ya "nguvu za kiume" viache dukani. Sababu ndizo hizi.

Asali yenyewe

Asali ni sukari kwa takribani asilimia 80. Maji ni kama asilimia 17 au 18, na kinachobaki ni asidi, vimeng'enya, chavua na manukato ya maua. Kijiko kikubwa kimoja, yaani kama gramu 21, kina kalori 64 na gramu 17 za sukari. Sukari hizo nyingi ni fruktosi na glukosi, ambazo tumbo halina haja ya kuzivunjavunja tena. Glukosi inaingia kwenye damu upesi, fruktosi inapitia kwanza kwenye ini. Ndiyo maana ukilamba asali na njaa yako unahisi macho yamefunguka. Si uganga, ni sukari imefika.

Kwa hiyo katika michanganyiko karibu yote iliyoko sokoni, nguvu ya haraka inatoka kwenye asali, halafu sifa anapewa aliyechanganywa nayo. Kopo la mililita 250 la vile vinywaji vya kuongeza nguvu kwa kawaida lina gramu 27 za sukari na miligramu 80 za kafeini. Vijiko viwili vya asali vimeshaipita sukari hiyo. Kinachokosekana ni kafeini, na asali haina hata chembe. Anayetaka kukesha asiitarajie. Kwa shida hiyo, wazee wa vijiweni Unguja na Mombasa walishamaliza kazi zamani kwa kahawa chungu yenye tangawizi na kipande cha kashata.

Na kwa kuwa ni sukari, ina mpaka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linaihesabu asali kapu moja na sukari ya dukani, na linataka jumla isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima. Vijiko vikubwa vitatu vya asali vimeshalimaliza fungu hilo, na hapo chai bado haijatiwa sukari. Mwenye kisukari asidanganywe kwamba asali "haihesabiki kwa kuwa ni ya asili". Kipimo chake cha sukari kitaihesabu.

Ipi ununue? Ukiwa Tanzania, asali ya misitu ya miombo ya Tabora, Katavi na Singida inapatikana kwa wingi, nyeusinyeusi au nyekundu, yenye ladha nzito inayostahimili kuchanganywa na vitu vikali. Kenya wana ya Kitui na ya Baringo. Asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma, ni nyepesi, ina uchachu, ina maji mengi zaidi na bei yake iko juu. Mimi nisingeichanganya na kitu chochote: ladha yake inapotea, na kwa maji yale inachachuka upesi ukiiongezea kitu kibichi. Iliwe yenyewe.

Yale majaribio ya nyumbani, ya kuchovya njiti ya kiberiti, kuidondosha asali kwenye maji au kuangalia kama sisimizi wanaikimbia, hayatofautishi asali halisi na sharubati iliyopikwa vizuri. Kuganda nako si ushahidi wa kuchakachuliwa. Asali halisi nyingi huganda, na ukiiweka chupa kwenye maji ya vuguvugu inarudi kuwa kimiminika. Kinga iliyo bora ni kumjua mrinaji, au angalau kununua chupa yenye lebo ya mzalishaji na alama ya shirika la viwango.

Je, chai ya moto inaigeuza kuwa sumu? Haigeuki. Moto unapunguza manukato na vimeng'enya na kuongeza kemikali iitwayo HMF, ambayo viwango vya kimataifa vya Codex vinairuhusu hadi miligramu 80 kwa kilo kwa asali ya nchi za joto, na 40 kwa nyingine. Subiri tu chai ipoe kidogo, kwa ajili ya ladha yako.

Tangawizi au mdalasini?

Hawa wawili huuzwa kama watoto wa familia moja, eti wote "wanachemsha damu". Kazi zao ni tofauti.

Tangawizi inawasha kwa sababu ya jinjeroli, na ikikaushwa sehemu ya jinjeroli hugeuka kuwa shogaoli, iliyo kali zaidi. Ndiyo maana unga wa tangawizi unachoma koo kuliko tangawizi mbichi iliyopondwa. Mwasho huo unaleta joto, jasho na hisia ya kuamka, lakini kalori zilizomo kwenye kijiko kimoja cha chai hazifikii hata tonge la ugali. Mahali tangawizi ilipojithibitisha ni kwenye kichefuchefu, hasa cha ujauzito. Mtu ambaye amechoka kwa sababu hali, na hali kwa sababu tumbo linakataa, tangawizi na asali vinamrudisha mezani, na nguvu zinakuja na kile atakachokula pale. Mjamzito asizidishe, na mwenye kiungulia au vidonda vya tumbo aanze na kidogo sana aone.

Mdalasini kwa upande wake unaleta harufu na ladha. Unaifanya asali ionekane tamu zaidi, na hilo ni jambo jema kama litakufanya utie kijiko kimoja badala ya viwili. Nguvu haina. Tena hapa kuna tahadhari ambayo wauzaji wengi hawaitaji. Mdalasini wa Zanzibar ni ule wa jamii moja na wa Sri Lanka: gome jembamba, matabaka mengi yaliyokunjana, linavunjika kwa vidole. Kuna mwingine unaotoka China na Indonesia, wenye gome nene gumu lililojikunja mara moja tu, na huo ndio uliojaa kwenye pakiti nyingi za unga. Ule mgumu una kumarini nyingi, kemikali inayoweza kuumiza ini ikizidi. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya imeweka kikomo cha miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Kijiko kimoja cha chai cha unga wa aina hiyo kinaweza kumpitisha mtu wa kilo 60 kwenye mpaka wake. Kutia kidogo kwenye pilau hakuna neno. Kula kijiko kila asubuhi na asali kwa miezi, hilo ni jambo jingine.

Kati ya hizi mbili nachukua tangawizi, mbichi, ikaparuzwa muda ule ule wa kutumika. Ukipenda mdalasini, nunua vijiti vya Pemba au Unguja usage mwenyewe.

Habasoda au kitunguu saumu?

Kwa Waislamu wa pwani, habasoda haihitaji utangulizi. Hadithi mashuhuri ya Mtume inaitaja kuwa tiba ya kila maradhi isipokuwa mauti, na asali nayo ina heshima yake kwenye dini, kwa hiyo viwili hivi vikikutana kwenye chupa moja watu hawaulizi maswali mengi. Mimi siingilii imani ya mtu. Ninachosema ni kuhusu uchovu tu.

Habasoda ina mafuta mengi, zaidi ya theluthi ya uzito wake, na kiini kinachochunguzwa zaidi kinaitwa timokwinoni. Majaribio kadhaa kwa watu wenye kisukari cha aina ya pili, kwa kiasi cha kama gramu 2 kwa siku, yameonyesha sukari ya damu ikishuka kidogo. Presha nayo hushuka kidogo. Sasa tafakari: mbegu inayosaidia kushusha sukari inazamishwa kwenye kitu kinachoipandisha, kisha inauzwa kwa mgonjwa wa sukari. Huyo kama anaitaka habasoda, ainyunyizie kwenye mkate au mtindi, na amwambie daktari wake, kwa sababu dawa zake zinashusha sukari pia na viwili vikikutana anaweza kushuka kupita kiasi. Mtu mzima mwenye afya, kijiko cha chai cha habasoda iliyosagwa ndani ya asali ni kitu salama chenye ladha ya uchungu mtamu. Asitegemee tu kwamba kitamwondolea usingizi wa mchana.

Kitunguu saumu kina sifa ya alisini, ambayo haimo ndani ya punje nzima. Inatengenezwa punje inapopondwa, vitu viwili vilivyotenganishwa vikikutana. Ukizitumbukiza punje nzima kwenye asali, unapata vitunguu vya asali. Ukizichemsha kabla ya kuzipondaponda, kimeng'enya kimeshakufa. Atakaye kitu kamili aponde, aache dakika kama kumi, ndipo achanganye. Faida iliyoonekana zaidi ni kushusha presha kidogo kwa wenye presha ya kupanda. Mwenye presha ya kushuka anayetafuta nguvu kwenye kitunguu saumu anaelekea kusiko. Na anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, au anayesubiri upasuaji, akae nacho mbali mpaka aongee na daktari.

Kuna shida ya uhifadhi pia. Asali haiozi kwa sababu ina maji machache mno kwa vijidudu kustawi. Kitunguu saumu kibichi kinatoa maji yake humo, asali inalegea, inaanza kutoa povu na gesi, na wengine wanaliita povu hilo "nguvu ya dawa". Ni kuchachuka. Tengeneza kidogo, weka kwenye friji, maliza ndani ya siku chache. Tangawizi mbichi sheria yake ni hiyo hiyo. Habasoda kavu haina tatizo hilo, na kwa urahisi wa kukaa kabatini inamshinda mwenzake mbali sana. Pia haikufukuzi kwenye kikao.

Karanga na ufuta, au tende?

Hapa ndipo kwenye nguvu zenyewe, nguvu za kupimwa kwa kalori na kwa muda unaokaa bila njaa.

Karanga zina kama kalori 567 kwa gramu 100, protini gramu 25 au 26, na nusu ya uzito wake ni mafuta. Ufuta uko karibu hapo kwa kalori, protini yake ni kidogo kuliko ya karanga, ila usiokobolewa una kalsiamu inayokaribia miligramu 975 na madini chuma miligramu 14 kwa gramu 100. Mafuta na protini vinakaa tumboni muda mrefu, na vinaifanya sukari ya asali iingie kwenye damu polepole badala ya kupanda ghafla na kukuacha umelegea saa moja baadaye. Hii ndiyo kazi ambayo tangawizi na mdalasini haziwezi.

Kutengeneza hakuna siri, lakini kuna pa kuharibu. Ufuta wa sokoni una mchanga. Uoshe kwenye bakuli, uuteke kwa juu kwa kichujio, mchanga ubaki chini, kisha uanike ukauke kabisa. Bandika kikaango kikavu kwa moto mdogo, koroga bila kuacha. Ufuta ukianza kurukaruka na harufu kutoka, umimine papo hapo kwenye sinia. Ukisubiri ubadilike rangi ukiwa bado kikaangoni, utaendelea kuiva kwa joto lake na utakuwa mchungu, na asali haiufichi uchungu huo. Karanga nazo kaanga, ziache zipoe, zipukuse maganda kwa viganja na uzipepete. Twanga karanga kwanza mpaka mafuta yaanze kung'aa kwenye mchi, ndipo utie ufuta, utwange kidogo tu ili nusu ubaki mzima. Asali inakuja mwisho, bila moto. Kwa kikombe kimoja cha karanga na nusu kikombe cha ufuta, vijiko vikubwa vitatu vya asali vinatosha, na chumvi ya kushika kwa vidole viwili. Finyanga kiganjani: ikishikamana bila kunata vidoleni, imekubali.

Vijiko viwili vikubwa vya mchanganyiko huo, kama gramu 35, vina kalori zipatazo 180 na protini gramu 6. Kijiko kimoja cha asali tupu kilikuwa na kalori 64 na protini karibu na sifuri. Ukiwa na mbegu za maboga, badilisha theluthi ya karanga: zinaongeza zinki na magnesi kwa wingi, na Tanzania watu wengi bado wanazitupa na utumbo wa boga. Korosho ni tamu na zina madini chuma, lakini kwa bei ya korosho, hata mtu wa Mtwara atafikiria mara mbili kabla ya kuzitwanga.

Kitu kimoja tu cha kuogopa kwenye karanga, nacho ni kikubwa: sumukuvu. Ni sumu ya ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake nchini Kenya, na kwa wanaokula kidogo kidogo miaka mingi inaleta saratani ya ini. Kukaanga hakuimalizi. Kwa hiyo karanga za kusagwa tayari ambazo hukuziona zikiwa nzima ni bahati nasibu. Nunua nzima, chambua kwa mkono, na zote zilizokunjamana, zilizobadilika rangi, zenye ukungu au ladha ya uchungu, tupa. Usimpe kuku.

Tende zina hoja nyingine. Tende moja kubwa ya aina ya Medjool, gramu 24, ina kalori 66, yaani ni sawa na kijiko kikubwa cha asali, ila inakuja na nyuzinyuzi na potasiamu, na unalazimika kuitafuna. Kwa nguvu za haraka baada ya funga au baada ya mechi, tende inaishinda asali, kwa maoni yangu, kwa sababu ni vigumu kula tende sita bila kujijua, na ni rahisi sana kumimina asali bila kujijua. Kuichanganya tende na asali sioni sababu, ni sukari juu ya sukari. Tende iende na ufuta. Wairaki wana mapishi yao ya zamani ya kuchanganya sharubati nzito ya tende na ufuta uliosagwa laini, wanachovya mkate asubuhi, na aliyeonja haulizi tena kwa nini. Kwa daku, tende tatu zilizojazwa karanga na ufuta, na maji ya kutosha, zinakufikisha mbali kuliko asali na unga wowote wa dukani.

Mlonge au ubuyu?

Unga wa majani ya mlonge una protini karibu robo ya uzito wake na madini chuma kama miligramu 28 kwa gramu 100. Takwimu hizo ndizo zinazoandikwa kwenye makopo, na ni za kweli kwa gramu 100. Nani anakula gramu 100? Kijiko cha chai ni gramu mbili au tatu, kwa hiyo chuma unachopata hakifiki hata miligramu moja. Mwanamke wa umri wa kuzaa, kwa viwango vya Marekani, anahitaji miligramu 18 kwa siku. Kijiko kikubwa cha ufuta, ambao hakuna anayeutangaza kwa spika, kina chuma zaidi ya kijiko cha chai cha mlonge. Mlonge ule kama mboga, majani mabichi yaliyochemshwa na karanga au nazi, sahani nzima. Hapo ndipo unakuwa chakula. Magome na mizizi yake ni kitu kingine, na mjamzito asiviguse kabisa.

Ubuyu hautoi nguvu nyingi pia, lakini una vitamini C na nyuzinyuzi nyingi, na uchachu wake unaifaa asali kuliko kitu kingine chochote nilichokitaja. Vijiko viwili vya unga wa ubuyu, glasi ya maji ya kawaida, kijiko cha chai cha asali: kinywaji cha saa nane mchana Dodoma, mahali mibuyu ilipo na kiu ilipo. Usichemshe, vitamini C haipendi moto. Ubuyu mwekundu wa pipi hauhusiki hapa; huo ni sukari na rangi, na utamu wake ni wa siku ya mapumziko.

Vitamini C inausaidia mwili kunyonya chuma cha mimea, kwa hiyo badala ya kuwashindanisha, kula mboga ya mlonge kisha ushushie na maji ya ubuyu. Chai ya rangi isogezwe mbele saa moja au mbili, kwa sababu inazuia chuma hicho hicho.

Hili la chuma nalitilia mkazo kwa sababu. Utafiti wa kitaifa wa afya Tanzania wa 2015/16 uliwakuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Maana yake ni kwamba dada anayeamka amechoka, anapanda ngazi moyo ukidunda, na ndani ya macho kumepauka, huenda hana shida ya "nguvu" hata kidogo. Kipimo cha damu kinachukua dakika chache. Kidonge cha kuongeza damu wanachopewa wajawazito kliniki huwa na miligramu 60 za chuma, na hakuna kopo la asali lenye kitu chochote litakalofika hapo. Malaria, minyoo, kisukari, tezi ya shingo na sonona navyo huanza kwa uchovu. Ukishaona wiki mbili zimepita na umelala vizuri, umekula vizuri, na bado mwili mzito, pesa ya chupa inayofuata ipeleke maabara.

Mizizi na vipakiti

Mukombero wa Kakamega, ambao Waganda wanauita mulondo, ni mzizi wenye harufu kama vanila unaotafunwa na karanga mitaani hadi Nairobi. Kama kitafunwa hauna makuu, na wanaoutumia wanasema unachangamsha na kuleta hamu. Majaribio yake mengi yamefanywa kwa panya. Mkuyati na "vumbi la Kongo" vya kwetu vinauzwa kwa ahadi nzito zaidi na maelezo machache zaidi: hujui ni mti gani, kipimo gani, umechanganywa na nini. Ukilazimika kuchagua katika kundi hili, chukua kitu unachokiona kikiwa kizima, mzizi wenyewe mkononi, utafune. Unga uliokwisha kusagwa na kutiwa kwenye asali hauna wa kuuthibitishia.

Halafu kuna vipakiti vya kung'aa vya asali ya wanaume, vyenye picha za simba na mataji. Julai 2022, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilizionya kampuni nne zilizokuwa zikiuza bidhaa za asali za aina hiyo, baada ya vipimo vya maabara kukuta sildenafili na tadalafili ndani yake, dawa za hospitali ambazo hazikuandikwa popote kwenye pakiti. Hivyo basi, anayesema "hii ya asili imenifanyia kazi ndani ya nusu saa" huenda anasema kweli kabisa, ila kilichofanya kazi si asali. Dawa hizo zikikutana na dawa za moyo za jamii ya naitreti, presha inaweza kuporomoka ghafla hadi kuua, na wanaozinunua kwa wingi ni wanaume wa makamo, umri ule ule wa dawa za moyo. Kwa mwanamume wa umri huo, kupungua kwa nguvu za kiume mara nyingi ni dalili ya mishipa, sukari au presha, na vyote hivyo vinapimika.

Tanzania, vyakula vilihamia mikononi mwa TBS, shirika la viwango, mwaka 2019, dawa zikabaki kwa TMDA, mamlaka ya dawa, na tiba asili zina baraza lake la usajili. Kenya ni KEBS, shirika lao la viwango, kwa vyakula, na Bodi ya Famasia na Sumu kwa dawa. Bidhaa inayojiita chakula huku ikiahidi tiba, na haina namba ya popote kati ya hapo, irudishe mezani.

Asali ya aina yoyote, na mchanganyiko wowote, mtoto aliye chini ya miezi 12 asilambishwe, hata tone la kumlainishia koo: inaweza kubeba mbegu za kijidudu cha botulizimu ambazo utumbo wake bado hauwezi kuzizuia. Mtu mzima aliyekula pakiti akapata kizunguzungu, maumivu ya kifua au macho kuona bluu, apelekwe hospitali na pakiti ibebwe, aseme kila alichomeza bila kuona haya.